VIPIMO VIKIWA HABA, NANI APIMWE KWANZA?

Ndugu mfanyakazi, maana ya kupima unaijua kuliko watu wengi. Mawe yakitoka shimoni, hakuna kapita anayeyatazama kwa macho na kusema yana gramu ngapi za dhahabu katika tani moja. Kipande kinachukuliwa, kinatiwa namba, kinapelekwa laboratwari, na jibu linarudi kwenye karatasi. Kabla ya jibu kurudi, kila mtu ana maneno yake. Jibu likirudi, maneno yanakwisha na kazi inaanza.

Ugonjwa nao ni vivyo hivyo. Malaria huanza kwa homa, kichwa kuuma na viungo kulegea. Homa ya matumbo pia, na COVID-19 pia. Ebola na Marburg nazo, siku za kwanza, ni homa, kichwa na uchovu. Munganga hodari akikutazama anaweza kudhani. Kipimo ndicho kinachomwonyesha. Kwa sababu hiyo, ugonjwa mkubwa ukizuka na vipimo vikiwa haba, watu huanza kubishana: nani apimwe, nani asubiri, nani alipe, na jibu la nani liaminiwe.

Hapa Bunia tumeyasikia mabishano hayo wakati wa Ebola, wakati wa COVID-19 na wakati wa Mpox. Leo tuyatazame kwa utulivu, ili siku nyingine likizuka jambo kama hilo kila mmoja wetu ajue afanye nini.

DURBA: MIEZI BILA JINA LA UGONJWA

Tuanze na jambo lililowapata wachimbaji wenzetu. Durba iko Haut-Uélé, kaskazini kwetu, katika nchi ile ile ya dhahabu ya Kilo-Moto. Kuanzia Oktoba 1998 watu wa Durba na Watsa walianza kufa kwa homa kali yenye kutoka damu. Wengi walikuwa vijana waliokuwa wakichimba dhahabu chini ya ardhi katika shimo la Goroumbwa. Wakati ule kulikuwa na vita, njia zilikuwa mbaya, na hapakuwa na laboratwari ya karibu iliyoweza kusema ni ugonjwa gani. Miezi ikapita. Mwezi wa Aprili 1999 munganga mkuu wa zoni ya afya ya Watsa alikufa kwa ugonjwa ule ule, na hapo habari ikasikika mbali. Damu ilipelekwa mpaka Afrika Kusini, na jibu likaja: ni virusi vya Marburg.

Ugonjwa ule haukukoma mpaka Septemba 2000. Waliohesabiwa kuugua ni watu 154, na kati yao 128 walikufa. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wachimbaji. Wataalamu walipochunguza virusi vyenyewe waliona havikuwa vya ukoo mmoja. Vilikuwa vya namna tisa au zaidi. Maana yake, watu hawakuwa wakiambukizana nyumbani tu. Walikuwa wakiupata upya shimoni, mara kwa mara. Baadaye alama za virusi hivyo zilionekana katika popo waliokaa mle ndani. Maji yalipojaa shimoni na watu wakashindwa kuingia, ugonjwa ukakoma.

Sasa fikiri mwenyewe. Kukosa kipimo hakukuleta ugonjwa ule, lakini kuliupa nafasi ya miezi. Muuguzi asiyejua anachokishika hujikinga nusu nusu. Mchimbaji asiyejua shimo lina nini hurudi kazini kesho. Familia isiyojua maiti ina hatari gani huiosha kwa mikono mitupu. Ndiyo maana maneno ya vipimo si ya waganga peke yao. Yanamhusu kila anayeshuka chini na kila anayemngoja nyumbani.

KIPIMO KINAFANYAJE KAZI

Kuna namna mbili unazopaswa kuzijua.

Namna ya kwanza inaitwa PCR. Mashini hutafuta chembe za urithi za virusi ndani ya kamasi, mate, damu au ngozi ya kidonda, kisha huzizidisha mara nyingi sana mpaka zionekane. Ni kama kuosha mchanga katika karai: chembe ndogo isiyoonekana mwanzo inabaki peke yake mwishoni. PCR ina uhakika mkubwa, lakini inataka mashini, umeme usiokatika, dawa zinazotunzwa kwenye baridi, na watu waliosomea kazi hiyo. Kuna mashini ndogo zaidi iitwayo GeneXpert. Hiyo hutumia katriji, yaani kisanduku kidogo kilichofungwa chenye dawa zote ndani. Kwa Ebola hutoa jibu karibu saa moja na nusu baada ya kuwashwa.

Namna ya pili ni kipimo cha haraka cha antijeni. Unakitambua kwa ule ukanda mdogo wenye mistari. Hakihitaji mashini wala umeme, na jibu hupatikana kati ya dakika 15 na 30. Upungufu wake ni huu: mtu mwenye virusi vichache kinaweza kumpita. Kikisema ndiyo kwa mtu anayeumwa, jibu hilo lina nguvu. Kikisema hapana, bado munganga atakutazama.

Tena jambo moja ambalo wengi hulisahau: kipimo kinasema habari za saa ile ulipopimwa. Kwa Ebola, mgonjwa aliyepimwa kabla ya saa 72 kupita tangu alipoanza kuumwa, akaonekana hana, lazima apimwe tena. Siku za kwanza virusi vinaweza kuwa bado vichache katika damu. Kwa hiyo ukimwona jirani amepimwa mara mbili, usiseme wanamchezea. Wanafanya inavyotakiwa.

MWAKA 2020: DUNIA NZIMA SOKONI SIKU MOJA

Tarehe 10 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa COVID-19 katika nchi yetu alitangazwa Kinshasa. Kesho yake Shirika la Afya Duniani likasema ugonjwa umekuwa wa dunia nzima. Tarehe 16 Machi mkuu wa shirika hilo, Dokta Tedros Adhanom Ghebreyesus, alizihimiza nchi zote zipime kila anayeshukiwa. Neno lilikuwa jema. Lakini vipimo viko wapi?

Mwanzo wa Februari 2020, Afrika nzima ilikuwa na nchi mbili tu zenye laboratwari zilizoweza kupima ugonjwa huo: Senegal na Afrika Kusini. Hapa Kongo, katika majuma ya kwanza kazi yote iliangukia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba, INRB, pale Kinshasa, iliyokuwa ikiongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe. Kutoka Bunia mpaka Kinshasa, hata kwa ndege iliyonyooka, ni zaidi ya kilometa 1,700. Kamasi ya mgonjwa ilitakiwa ifungwe mara tatu, iwekwe kwenye baridi, ingoje ndege, ifike, ingoje zamu yake, na ndipo jibu lirudi. Mgonjwa naye alikuwa akingoja, pamoja na watu wa nyumbani kwake.

Kwa nini vipimo vilikuwa haba? Sababu ni nne.

1. Wote walinunua siku moja. Viwanda vilikuwa katika nchi chache, na nyingine zilizuia bidhaa za hospitali zisitoke. Mwezi wa Aprili 2020 John Nkengasong, aliyekuwa mkuu wa kituo cha Umoja wa Afrika cha kuzuia magonjwa, aliandika kwamba nchi za Afrika zina fedha za kununua dawa za vipimo lakini soko limefungwa mbele yao.

2. Mashini bila katriji ni chuma tu. GeneXpert haikubali katriji ya kiwanda kingine. Ni kama kuwa na mashini ya kutoboa mwamba yenye ncha zinazouzwa na duka moja ulimwenguni. Duka likifunga, kazi inasimama.

3. Njia ni ndefu. Barabara zenye hatari, ndege zilizopunguzwa na barafu inayoyeyuka: kila hatua inaweza kuharibu sampuli.

4. Watu na umeme. Fundi wa laboratwari hafundishwi kwa juma moja, na jenereta isiyo na mafuta haipimi mtu.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana upesi, nayo inatugusa sisi wa mgodini. Mashini zile zile na mafundi wale wale ndio wanaopima kifua kikuu. Mwaka 2019 watu milioni 7.1 duniani walitambuliwa kuwa na kifua kikuu kipya. Mwaka 2020 walitambuliwa milioni 5.8 tu. Kifua kikuu hakikupungua. Watu ndio hawakufika hospitali, na huduma zilivutwa upande mmoja. Nawe unajua kwamba mtu aliyevuta vumbi la mawe miaka mingi hushikwa na kifua kikuu upesi kuliko wengine. Basi ugonjwa mmoja ukinyang'anya vipimo vyote, ugonjwa mwingine hufanya kazi yake kimya kimya.

MANENO YALIYOBISHANIWA

Bishano la kwanza: tupime wote, au tupime wagonjwa kwanza? Wanaotaka wote wapimwe wana hoja, kwa maana mtu wa COVID-19 anaweza kuambukiza wenzake hata kabla hajaanza kukohoa. Lakini vipimo vikiwa 50 na watu 2,000, ukipima wanaopita mlangoni, vitaisha kabla mgonjwa wa kweli hajaletwa. Machi 2020 Shirika la Afya Duniani liliziambia nchi zenye upungufu zitangulize makundi haya: wanaoweza kuugua vibaya, watumishi wa afya, na wa kwanza wenye dalili mahali ambapo watu wengi wanakaa pamoja. Kambi ya wafanyakazi ni mahali pa namna hiyo. Mmoja akitambuliwa mapema, chumba kizima kinaokoka.

Bishano la pili: msafiri na mgonjwa. Mipaka ilitaka karatasi ya kipimo. Madereva wa malori waliotoka Mombasa kwenda Uganda na kuja huku kwetu walikaa siku nyingi Malaba wakingoja majibu, na foleni ikawa ya kilometa nyingi. Watu wakauliza: Kwa nini mzima anayesafiri apimwe, na mgonjwa kijijini akose? Wengine wakajibu: Dereva asipopimwa, ugonjwa utasafiri pamoja na mzigo. Wote wawili walisema kweli. Kosa ni pale mwenye pesa au mwenye cheo anapopita mbele ya anayekata roho. Kipimo hakifuati cheo, kinafuata hatari.

Bishano la tatu: bei. Septemba 2020 yalifanywa mapatano ili vipimo vya haraka milioni 120 viuziwe nchi zenye kipato kidogo na cha kati kwa bei isiyozidi dola 5 kila kimoja. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini kwa katriji za GeneXpert ubishi uliendelea. Waganga Wasio na Mipaka, MSF, wanadai kwamba kiwanda kinaweza kuziuza kwa dola 5 na bado kikapata faida. Septemba 2023 bei ya katriji ya kifua kikuu ilishushwa kutoka dola 9.98 mpaka 7.97 kwa nchi maskini. Dola 2 ni kidogo kwa mtu mmoja. Kwa nchi inayopima watu laki moja, ni dola laki mbili.

Bishano la nne: imani. Mei 2020 Rais John Magufuli wa Tanzania alisema kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa laboratwari kwa siri na baadhi zikarudi na jibu la kuwa na corona. Tanzania iliacha kutangaza hesabu mpya kwa muda wa zaidi ya mwaka, mpaka katikati ya 2021. Hapa Ituri nasi tulisikia wengi wakisema Ebola ni biashara ya watu wenye magari meupe. Tuseme wazi: mtu ana haki ya kuuliza laboratwari inafanyaje kazi. Vipimo navyo hukosea mara nyingine. Lakini dawa ya kipimo kinachotiliwa shaka ni kupima tena na kukagua laboratwari. Ukivunja taa yako kwa sababu inafifia, utabaki gizani wewe mwenyewe, na ugonjwa hauhitaji taa.

EBOLA ILITUFUNDISHA: LETA LABORATWARI KARIBU

Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na ikakoma tarehe 25 Juni 2020. Iliwashika watu 3,470 na kuua 2,287. Ilikuwa msiba mkubwa. Lakini jambo moja lilifanywa vizuri: sampuli za kwanza zilipelekwa Kinshasa, na baadaye laboratwari ndogo zililetwa karibu na wagonjwa, kama Beni, Butembo, Goma na hapa Bunia. Jibu likapatikana siku ile ile au kesho yake. Aliye na ugonjwa alianza dawa mapema, na asiye nao alirudi kwa watoto wake badala ya kulala karibu na wagonjwa.

Tulijifunza, lakini somo halikwenda mbali. Oktoba 2024, wakati Mpox ilipokuwa imeshatangazwa hatari ya dunia, Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba katika Kongo ni asilimia 37 tu ya walioshukiwa mwaka ule waliokuwa wamepimwa. Yaani katika watu 100 wenye vipele, 63 hawakupewa jibu la laboratwari. Na Oktoba 2021 shirika hilo lilikadiria kwamba katika Afrika ni mtu mmoja kati ya saba walioambukizwa COVID-19 aliyekuwa akitambuliwa. Ndiyo maana hesabu ndogo kwenye redio haina maana kwamba ugonjwa ni mdogo. Kwanza uliza wamepima wangapi.

HESABU YA WENYE AKILI: KUPIMA KWA KIKUNDI

Je, kuna njia ya kunyoosha vipimo vichache? Ipo. Mwaka 1943 Mmarekani Robert Dorfman aliifikiria kwa kupima kaswende ya askari, na mwaka 2020 Rwanda jirani yetu iliitumia kwa COVID-19.

Tazama mfano. Una watu 100 wasio na dalili, na mmoja kati yao ana ugonjwa. Ukipima kila mtu peke yake, unatumia vipimo 100. Sasa wagawe vikundi 10 vya watu 10. Changanya sehemu kidogo ya sampuli za kila kikundi na upime mchanganyiko huo: vipimo 10. Vikundi tisa vitasema hapana, na hao 90 wamekwisha. Kikundi kimoja kitasema ndiyo. Wapime wale 10 mmoja mmoja. Jumla ni vipimo 20 badala ya 100.

Njia hii inafaa pale wagonjwa ni wachache. Wakiwa wengi, karibu kila kikundi kitasema ndiyo, na hutakuwa umepata faida. Basi ukiona ekipe yenu imechanganywa katika kipimo kimoja, usidhani wamewadharau. Wanaweka akiba kwa ajili ya mwenzenu.

WEWE UFANYE NINI VIPIMO VIKIKOSEKANA

Kwanza, usingoje karatasi ndipo ujikinge. Mwenye homa na kikohozi akae mbali na wenzake, asilale chumba kimoja nao ikiwezekana, asinywe kwa kikombe chao. Madirisha ya basi la wafanyakazi yafunguliwe. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni unapoingia kazini, unapotoka na kabla ya kula.

Pili, usifiche homa. Tunajua kwa nini watu hufanya hivyo. Mtu anaogopa siku yake ikatwe, na nyumbani watoto wanataka kula. Ni hofu ya haki, na viongozi wa kazi wanapaswa kuiondoa kwa kutomwadhibu anayejitangaza mapema. Lakini fikiri hesabu ya upande wa pili: kuficha kwa mmoja kunaweza kufunga shimo zima, na siku zitakazokatwa zitakuwa za wote.

Tatu, sema kweli kwa muuguzi: homa ilianza lini, ulikwenda wapi, ulimzika nani, ulishika mnyama gani aliyekufa, uliingia shimo gani la zamani lenye popo. Vipimo vikiwa vichache, munganga huchagua wa kupimwa kwa maneno hayo. Ukisema uongo, unajiondoa mwenyewe kwenye orodha.

Nne, usinunue kipimo au karatasi ya kipimo barabarani. Karatasi ya uongo haimkingi mtu, nayo inampeleka mgonjwa katikati ya wazima.

Tano, mwenye kikohozi cha majuma mawili au zaidi aende apimwe kifua kikuu, hata kama redio inazungumza ugonjwa mwingine.

Sita, mama wa nyumba, mtoto akishikwa na homa mpeleke dispanseri siku hiyo hiyo. Kipimo cha malaria ni cha haraka, na malaria haingoji ugonjwa mwingine upite.

KUMBUKA

Macho hudhani, kipimo huonyesha.
Jibu la "hapana" ni la saa ile. Dalili zikiendelea, rudi.
Vipimo vikiwa haba, aliye katika hatari kubwa atangulie, awe kapita au mfagiaji.
Hesabu ndogo ya wagonjwa inaweza kuwa hesabu ndogo ya vipimo.
Kujikinga hakuhitaji laboratwari.

Anayeshuka shimoni huangalia nguzo kabla ya kuingia, wala hangoji mwamba umwonyeshe. Fanya vivyo hivyo na afya yako na ya wenzako.